Mpiga Solo wa Nyuzi Nene

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sitaki kuambiwa. Nilichotaka kujua kwake ni kitu kimoja tu: alijua lini.

Mwanangu Kabula ana baka kwenye mgongo wa mkono wa kushoto. Ukubwa wake ni kama kifungo cha koti, na rangi yake ni ya chai iliyozidishwa maziwa. Haliwashi, halina magamba, halitoki kwa mafuta wala kwa dawa ya Mhindi. Na mtu wa kwanza kuushika mkono ule na kuuweka juu ya nyuzi za gitaa alikuwa mpiga solo.

Tabora mpaka leo wanamsimulia. Wanasema alikuwa na vidole vya chuma. Wanasema yuko Dar es Salaam na bendi kubwa, anapiga hotelini. Wanaume wenye akili zao, wenye wake na watoto, husimama mbele ya stesheni wakabishana kama uzi wake wa kwanza ulikuwa wa unene namba kumi na mbili au kumi na tatu, kana kwamba jibu litawapa unga. Mimi niliishi naye ua mmoja. Nilipika uji wa mwanangu kwenye sufuria aliyochemshia nyuzi zake. Waniulize mimi.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mkubwa, mama mtu mzima wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulikuwa ukifanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Yeye alikaa vyumba vya mbele na sisi wapangaji tulikaa uani. Mlango wa mpiga solo ulitazamana na wangu. Mume wangu alikuwa mpiga rizimu katika bendi hiyohiyo. Bendi ilikuwa ya shirika, maana yake siku za kazi wote walihesabiwa kuwa watunza stoo na matarishi, na Jumamosi na Jumapili wakawa wanamuziki. Shirika lilinunua magitaa na spika. Nyuzi kila mtu alijitafutia.

Nilipoingia ua ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, na tumbo limeanza kuonekana. Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mpiga solo ni jinsi alivyomchagulia mume wangu nyuzi. Alimwambia, "Nyoosha mkono." Akautazama kama fundi cherehani anayepima mtu suti. Akabinya ncha za vidole, akapima kwa jicho umbali wa kidole gumba na kidole cha mwisho.

"Vidole vyako vifupi na ngozi yako laini," akasema. "Za sauti ya juu funga nyembamba. Hizi tatu za sauti ya chini ziwe nene kidogo, zikupe tumbo la sauti."

"Wenzangu wanasema nyembamba zote ndiyo raha," mume wangu akasema.

"Raha ya nani? Nyembamba sana inalia kama mbu. Jua likiipata inalegea, nawe unaaibika mbele za watu. Nene sana inakula vidole. Uzi mzuri ni ule unaokuacha upige mpaka watu waende makwao, na wewe hujaukumbuka hata mara moja."

Nilipenda maneno yale, siwezi kusema uongo. Alisema pia, "Gitaa si jembe. Ukiona linakutoa jasho, kuna kitu umekosea." Wakati huo alizifunga zake vivyo hivyo, za wastani, na aliweza kuuvuta uzi ukalia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.

Sasa sikilizeni jinsi mdomo huohuo ulivyogeuka. Kabula hajaanza kukaa, mpiga solo akaanza kuongeza unene. Kwanza ule wa tatu, ambao wengi hufunga mtupu, yeye akafunga uliosokotewa waya. Halafu wa pili. Halafu wa kwanza, mpaka gitaa zima likawa na nyuzi za kufungia ng'ombe. Akaliinua na daraja ili nyuzi zikae mbali na shingo, mtu abonyeze kwa nguvu. Vijana wa bendi walipomuuliza, aliwajibu, "Gitaa ni jembe. Wenzenu wanalima kwa mikono huko vijijini, nyinyi mnataka uzi wa buibui?"

Walicheka na kumpigia makofi. Ilikuwa lugha ya mikutano ya wakati ule, na yeye mikutano hiyo hakuipenda hata kidogo. Alipiga nyimbo zote za kusifu vijiji na kilimo, akazipiga vizuri kuliko waliozitunga, kisha akirudi uani anakaa kwenye kigoda na kusema, "Leo tena nimelima ekari kumi kwa mdomo wa mtu mwingine." Ndivyo alivyokuwa. Hadharani mzalendo, uani mcheshi mwenye ulimi mchungu. Mimi nilidhani huo ndio unafiki wake wote.

Na sauti ilikuwa nzuri, hapo ndipo penye ubaya. Nyuzi zile nene zilitoa sauti nono, ya kifua, na Tabora nzima ikasema siri ni unene. Basi kila aliyeshika gitaa kuanzia mjini mpaka Tura akaanza kutafuta nyuzi nene. Waliokosa walifungua waya wa breki ya baiskeli. Ilikuwa fahari kutembea na vidole vilivyofungwa vitambaa. Kijana akikupa mkono uliofungwa kitambaa ujue anakwambia yeye ni mwanamuziki.

Zaidi ya yote lile la kulamba. Nyuzi ziliuzwa dukani kwa mtoto wa Bi Mkubwa, pakiti zikining'inia nyuma yake pamoja na tambi za taa ya chemli na sindano. Zamani mpiga solo alikuwa akiuchagua uzi kwa kuupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Mara akaanza kuupitisha mdomoni. Anafumba macho, anauburuta juu ya mdomo wa chini polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu anasema, "Huu una mkwaruzo katikati. Lete mwingine."

"Kwa nini mdomo, Mzee?" mume wangu akamuuliza.

"Kidole kimezoea, kinadanganya. Mdomo haudanganyi."

Haikupita muda, wapiga gitaa wote wa Tabora wakawa wanalamba nyuzi dukani. Nimewaona kwa macho yangu, wanaume wamejipanga mbele ya meza ya duka, macho wamefumba, kila mmoja na waya mdomoni. Mwenye duka alichukia.

"Mnazilamba kama miwa," aliwaambia. "Nani atanunua uzi wenye mate yenu?"

"Mbona Mzee anafanya hivyo?"

"Mzee akilamba ananunua. Nyinyi mnalamba mnaondoka."

Tulicheka sana uani siku hiyo. Mpiga solo naye alicheka, na machozi yakamtoka. Sasa nikikumbuka machozi yale sijui yalikuwa ya nini.

Maduka yalipofungwa na biashara kupelekwa kwenye duka la ushirika, nyuzi zilitoweka kabisa. Duka la ushirika liliuza majembe, khaki na sabuni, ikiwepo. Hapo ndipo sufuria yangu ilipoingia. Uzi uliochoka sauti yake hufa, huwa kama bati, kwa sababu ya jasho na mafuta ya vidole. Yeye alizifungua nyuzi, akazikunja kama bangili, akazichemsha na magadi kidogo, akazianika kwenye kamba yangu ya nguo. Zinafufuka kwa muda.

"Mzee, hiyo ni sufuria ya uji wa mtoto," nilimwambia.

"Najua, Mama Kabula. Ndiyo maana nimeichagua. Ndiyo safi kuliko zote hapa uani."

"Na magadi?"

"Magadi si unatia kwenye maharage na tunakula wote? Leo yakienda kwenye nyuzi yamekuwa sumu?"

Huwezi kumshinda kwa maneno. Nikasimama na mwiko nikimsubiri amalize. Maji yalikuwa yanatokota. Akaingiza mkono, akazitoa nyuzi moja moja, akazikung'uta. Nikasema, "Mzee wewe una ngozi ya kifaru." Akasema, "Miaka mingi ya gitaa, mwanangu." Hata makaa aliyashika hivyo. Akitaka kuwasha sigara alichukua kaa jekundu jikoni kwangu kwa vidole viwili, akawasha bila haraka, akalirudisha mahali pake. Wageni walikuja kuangalia kama watu waendao kuangalia mazingaombwe. Mimi nilisoma mishipa ya fahamu kidato cha tatu, nikaichora na kuipaka rangi. Kwenye ule mchoro hapakuwa na mzee anayewasha sigara.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu mbaya wa kutembea akitafuta wa kumdhuru. Ningependa angekuwa hivyo, kazi yangu ingekuwa rahisi. Alikuwa mchoyo wa sigara, hakumpa mtu hata kipisi, lakini sukari yake ya mgao alimletea Kabula yote, na yeye akanywa chai chungu. Nilipokwenda kupanga foleni ya ushirika, asubuhi mpaka jua la utosi, yeye ndiye aliyebaki na mtoto. Nilirudi nikawakuta kivulini mwa ukuta, mtoto amekaa mapajani mwake, gitaa mbele yao, mkono mdogo chini ya mkono mkubwa, wakigusa nyuzi. Alimfundisha kuzitaja kwa majina ya watu wa uani. Uzi mnene kuliko wote alikuwa Bi Mkubwa, mwembamba nilikuwa mimi, "kwa sababu mama yako akiguswa kidogo tu anapiga kelele." Kabula alicheka mpaka akakwamwa. Kila siku hivyo, tangu akiwa wa kubebwa mpaka anakimbia. Tulikula sahani moja.

Tazama sasa Urambo. Wakulima walikuwa wameuza tumbaku, mji umejaa, na bendi ikapelekwa kwa lori kupiga bugi, dansi la Jumapili mchana, ndani ya ghala. Nilikwenda na Kabula mgongoni. Mpiga solo alianza wimbo wa mwisho, ukawa mrefu, watu hawataki aache. Nikaona gitaa lake jeupe linabadilika rangi. Damu ilikuwa inashuka shingoni mwa gitaa mpaka kwenye kibao, na yeye anapiga huku amemgeukia mpiga besi akitabasamu. Watu waliona. Walipandwa na wazimu. Wakaja mbele kumtunza, wakambandika noti kwenye paji la uso, mama mmoja akamfuta jasho kwa khanga yake. Mtu anatoka damu, nao wanacheza.

Nilimfuata alipoteremka. "Mzee, unatoka damu."

Akautazama mkono wake kama anatazama mkono wa abiria mwenzake. "Kumbe," akasema.

Hilo tu. Kumbe. Halafu akawaona vijana wa bendi wanamtazama, akauinua mkono juu waone wote, akasema kwa sauti, "Hivi ndivyo gitaa linavyopigwa."

Mume wangu alikuwa mmoja wa waliotazama. Kuanzia siku ile alitupa mafundisho yote ya mwanzo, akafunga nyuzi nene kwenye rizimu. Mpiga rizimu hapumziki, anabonyeza nyuzi zote kwa pamoja wimbo mzima. Ncha za vidole zilichanika, zikapona, zikachanika tena. Kidole cha pete kikavimba kwenye kiungo.

"Rudisha nyembamba," nilimwambia.

"Nionekane vipi?"

"Uonekane una vidole."

"Mzee mwenyewe ameniambia nivumilie. Amesema maumivu yanakwisha."

Nilimwendea mpiga solo mlangoni kwake. Nikamwambia amwambie mume wangu afunge nyuzi za mkono wake, kama alivyompimia siku ile. Alikuwa anakaza nyuzi, hakuinua kichwa. Alisema, "Mama Kabula, ukimzuia mwanamume kuumia atakuchukia." Nikaondoka. Mwaka haukuisha, kidole kile kikawa hakikunjiki, bendi ikachukua mpiga rizimu mwingine, na mume wangu akaenda kubeba marobota ya tumbaku Urambo. Yuko hukohuko. Akija nyumbani husema, "Mzee alinifundisha ujasiri." Mimi namtazama kile kidole kilichonyooka kama msumari, naondoa vyombo.

Aliyemtambua ni Bi Mkubwa, naye alimtambua kwa sababu ya panya. Asubuhi moja mpiga solo alitoka chumbani na kidole cha mwisho kimeliwa ncha. Alisema uzi umemkata. Bi Mkubwa alikuwa kwenye baraza ya nyuma anachambua mchele. Akamwita, akamshika kiwiko, akausogeza mkono kwenye mwanga.

"Huu si uzi," akasema. "Haya ni meno."

Akakigeuza kile kidole upande wa pili.

"Panya anakula, na wewe uko wapi?"

"Nimelala, Bi Mkubwa."

"Mtu aliyelala huamka."

Maneno hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Nilichokiona mimi ni kwamba wiki hiyohiyo aliaga, akasema ameitwa Dar es Salaam. Vijana wa bendi walimsindikiza stendi wakiimba. Alipanda basi la kwenda Igunga mbele za watu, na nadhani aliteremka njiani akarudi akapanda la kusini, maana safari yake haikuwa upande ule. Kabula alilia siku nzima. Bi Mkubwa akauchoma mkeka wake nyuma ya choo na hakumwambia mtu. Mimi aliniambia siku nilipompelekea mkono wa Kabula autazame. Aliutazama, akaurudisha, akasema, "Mwanangu, yule mzee alikuwa na ukoma." Kisha akaniambia mahali alipo, kituo cha wagonjwa cha wamisheni, kusini, mwendo wa kutwa kwa basi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema, mngemtoa kwa mawe." Labda kweli. Lakini mtoto wangu naye angekuwa ametolewa mapajani mwake mapema.

Nikaenda na Kabula. Wote wawili tulikuwa na safari moja, kwa mganga na kwa yule mzee.

Mganga wa kituo alimpima asubuhi. Alimfunika macho kwa kitambaa, akachukua pamba, akaichambua mpaka ikawa kama nywele, akamgusa hapa na pale. "Umesikia?" "Ndiyo." "Na hapa?" "Ndiyo." Kabula ni mtoto wa kupenda kusifiwa. Aliguswa, akasema ndiyo. Hakuguswa, akasema ndiyo. Mganga akacheka kidogo, akajaribu tena, majibu yaleyale. Akasema, "Mama, hii siwezi kuisoma. Dawa zenyewe ni za miaka, siwezi kumwanzishia mtoto kwa ndiyo kama hizi. Inaweza kuwa si kitu. Rudini baada ya miezi michache." Nikamwambia, miezi michache naishi vipi? Akasema pole. Nikauliza mpiga solo anakaa wapi.

Alikuwa nje ya chumba chake, upande wa karakana wanakokata viatu vya matairi. Amekonda. Nyusi hana. Gitaa kavu la mbao, lisilo la umeme, liko magotini, limefungwa waya ambazo ningeweza kuanikia mablanketi. Vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja kama vya kuku, alibonyeza kwa viungo badala ya ncha. Sikumwamkia. Nilisimama tu.

"Marahaba," akasema.

"Sijasema shikamoo."

"Nimeitikia ile ya zamani." Akamtazama Kabula, akautazama mkono wake. Hakuuliza tumefuata nini. "Kaa, Mama Kabula."

"Sikuja kukaa. Ulijua lini?"

Aliweka gitaa chini. "Mtoto alikuwa hajaota meno," akasema.

Kabula ana miaka mitano. Nikakaa, na nikachukia kwamba nimekaa baada ya kusema sikuja kukaa.

"Uzi mwembamba nilikuwa nabonyeza, sijui kama upo au haupo," akasema. "Nikaongeza unene ili niusikie. Ukapotea nao. Nikaongeza tena. Nilikwenda kwa mganga mmoja Tabora kimyakimya, akanigusa kwa pamba, akaniuliza umesikia, nikamwambia ndiyo. Nilimwambia ndiyo mwaka mzima."

"Na vijana? Uliwaacha wakate vidole vyao?"

"Vijana wale ndio walionificha." Alisema hivyo, bila kutikisika sauti. "Mtu mmoja mwenye vidonda vya vidole ataulizwa. Mji mzima ukiwa na vidonda vya vidole, nani ataulizwa? Walipoanza kuniiga niliona Mungu amenifunika. Basi nikawahimiza."

"Na mume wangu."

"Na mumeo."

"Na huyu? Huyu alikuwa anaiga nini?"

Hapo ndipo aliposhindwa kunitazama. "Nisingempokea, ungeniuliza kwa nini. Wewe umesoma, ungeuliza mpaka upate." Halafu akasema, "Na nilimpenda. Sisemi ili unisamehe."

"Sina nia hiyo."

"Najua."

Kabula alikuwa amechuchumaa mbele ya gitaa, anataja nyuzi. Huyu Bi Mkubwa. Huyu Baba. Alipofika kwa mwembamba alinitazama na kucheka. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Niliyapanga kwenye basi njia nzima, nikayapigilia kama misumari. Sikuona la kutumia hata moja.

"Mganga amesemaje?" akaniuliza.

"Kila akiguswa anasema ndiyo. Na asipoguswa."

"Pamba ni ya mtu anayesema kweli." Akainuka kwa shida, akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na uzi wa kwanza, mpya, mwembamba, umekunjwa. "Kuna mgeni mmoja alinipa. Kwangu hauna kazi. Ncha yake hii ni kali kuliko sindano ya mganga. Usimuulize kitu. Nitapiga, yeye ataangalia huku, wewe umchome kwa nyuma. Kwanza mkono mzima, ujue anavyoshtuka. Halafu pale."

"Mchome wewe. Wewe ndiye unayejua."

"Mimi siwezi kujua nimebonyeza kiasi gani, Mama Kabula. Nitamtoboa."

Nikauchukua uzi. Akafuta ncha kwa spiriti waliyompa ya vidonda vyake, akakaa, akaliweka gitaa magotini, na kwa zile kucha za kuku akaanza kupiga. Sitaki kusema ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri. Watu wawili watatu wa karakana waliacha kukata matairi. Kabula akasimama mbele yake, mdomo wazi, akaanza kutikisa mabega, mikono ameitupa nyuma jinsi alivyozoea kucheza tangu mdogo.

Nikapiga magoti nyuma yake. Nikamchoma mkono wa kulia, kidogo tu. Akauvuta upesi. "Mama, unaniumiza," akasema, akanigeukia, kisha muziki ukamrudisha.

Nikangoja. Nikamchoma wa kushoto, karibu na kifundo, nje ya baka. Akauvuta pia, akanung'unika, akaurudisha nyuma.

Nikaiweka ncha katikati ya baka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, zaidi, mpaka tone dogo la damu likatoka na kukaa pale juu ya ngozi kama ushanga. Mkono ulikuwa umetulia kiganjani mwangu. Mabega yalikuwa yanacheza.

Mpiga solo hakuinua kichwa. "Vipi?" akauliza.

"Endelea kupiga," nikamwambia.